Karai na Gunia: Maswali Yenu Kuhusu PHP na Seva ya Kache

Barua nne tulizochagua kwa toleo hili zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma, na zote zinagusa jambo moja: namna ya kuiunganisha tovuti iliyoandikwa kwa PHP, ambayo ni lugha ya programu za tovuti, na seva ya kache, ambayo ni programu inayoweka data kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa muda mfupi ili isitafutwe upya kila mara. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa kuwa aliyeiandika amekwama mahali ambapo wengi hukwama.

SWALI: Mhariri, nina tovuti ndogo inayoonyesha bei za samaki na nafaka katika soko la Kibuye. Nimeiandika kwa PHP, na data yake nimeiweka katika hifadhidata ya MySQL. Siku za Jumapili, soko linapojaa, tovuti huzorota hadi ukurasa mmoja unachukua sekunde nane kufunguka. Rafiki yangu alinishauri nitumie seva ya kache iitwayo Memcached. Nimeiweka kwenye seva na nimeandika mistari ya kuiunganisha, na amri ya addServer inarudisha jibu la kweli. Sioni kosa lolote kwenye ukurasa. Hata hivyo kasi haijabadilika, na kila nikijaribu kusoma nilichohifadhi napata jibu tupu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

JIBU: Ndugu yangu wa Kondele, nadhani napajua mahali ulipokwama, kwa sababu nami niliwahi kukwama papo hapo miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihudumia tovuti ya chama kimoja cha wakulima hapa Nakuru. Usiku kucha nilipekua msimbo wangu mstari kwa mstari, ilhali msimbo haukuwa na kosa. Seva ya kache yenyewe ndiyo iliyokuwa imezimika tangu jioni, stima ilipopotea na kurudi.

Kilichonipoteza ni hiyo hiyo amri ya addServer. Jina lake humfanya mtu aamini kwamba ikirudisha jibu la kweli basi muunganisho umekamilika, na sivyo. Amri hiyo huandika tu anwani ya seva kwenye orodha iliyo ndani ya PHP, wala haibishi hodi popote. Hodi hubishwa baadaye, pale msimbo unapoomba kusoma au kuandika kitu kwa mara ya kwanza, na iwapo hakuna anayeitikia, amri ya get hurudisha false, yaani jibu la hapana, kimyakimya, bila onyo lolote kwenye ukurasa. Msimbo wako unaona false, unadhani kitu hakimo kwenye kache, unakwenda kukichukua MySQL, unajaribu kukihifadhi tena, unashindwa tena kimyakimya, na mzunguko huo unaendelea kwa kila mgeni anayeingia. Ndiyo maana huoni kosa na wala huoni kasi.

Kwa hiyo usianze na msimbo, anza na seva. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye mashine hiyo, uandike telnet 127.0.0.1 11211, kwa maana 127.0.0.1 ni anwani ya mashine hiyo yenyewe, na 11211 ndiyo namba ya mlango ambao Memcached husikilizia isipoelekezwa vingine. Ukifunguliwa, andika neno version, nayo itakujibu kwa namba ya toleo lake. Kisha andika quit uondoke. Ukiambiwa kwamba muunganisho umekataliwa, fahamu kwamba hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango huo, na hapo hakuna msimbo wa PHP utakaokusaidia hadi uiwashe Memcached na kuiagiza iwake yenyewe kila mashine inapoanza. Katika Ubuntu na Debian kazi hiyo hufanywa kwa amri ya systemctl, na mipangilio yake hukaa katika faili la /etc/memcached.conf.

Seva ikiitikia, kagua kiendelezi, yaani kile kipande cha programu kinachoipa PHP uwezo wa kuzungumza na seva hiyo. Watu wengi husahau kwamba hivi ni vitu viwili: unaweza kuwa na seva ya Memcached inayofanya kazi barabara huku PHP ikiwa haijui hata jina lake. Kwa upande wako sidhani hilo ndilo tatizo, kwa sababu kiendelezi kingekosekana PHP ingekatika papo hapo ikilalamika kwamba haiijui aina (class) inayoitwa Memcached, na ukurasa usingefunguka. Hata hivyo nalitaja kwa ajili ya wasomaji wengine, pamoja na mtego wake mmoja: PHP inayoendeshwa kwenye terminali na PHP inayoendeshwa na seva ya wavuti mara nyingi husoma faili tofauti za mipangilio, hivyo kuona jina la memcached baada ya kuandika php -m hakuthibitishi kwamba tovuti nayo inacho. Andika ukurasa wa muda wenye amri ya phpinfo, uufungue kwenye kivinjari, utafute jina hilo, halafu uufute ukurasa huo siku hiyo hiyo, kwa kuwa unafichua mengi ambayo mgeni hapaswi kuyajua. Na kila unapoweka kiendelezi kipya, iwashe upya huduma ya PHP. Isipowashwa upya haitakiona.

Jambo la tatu ni anwani. Wengi huandika localhost, na mara nyingi hufaulu. Lakini kuna mashine ambazo neno hilo hutafsiriwa kwanza kuwa anwani ya mtindo mpya, ile ya ::1, ilhali Memcached imeagizwa isikilize kwenye 127.0.0.1 peke yake. Andika namba yenyewe, utajiepushia shaka. Ikiwa unatumia Docker, programu inayoendesha kila huduma ndani ya sanduku lake liitwalo kontena, kumbuka kwamba 127.0.0.1 ndani ya kontena ni kontena hilo lenyewe, wala si mashine inayolibeba, kwa hiyo PHP iliyo kwenye kontena moja haitaipata Memcached iliyo kwenye kontena jingine kwa anwani hiyo. Itumie jina la huduma ile. Na kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat, ulinzi wa SELinux huweza kuizuia seva ya wavuti isifungue muunganisho wowote hata kama wewe mwenyewe, kwa telnet, unaingia bila shida.

Ukishayathibitisha hayo matatu, ndipo uutazame msimbo. Mimi ningeuandika hivi:

$kache = new Memcached('kibuye');
if (count($kache->getServerList()) === 0) {
    $kache->addServer('127.0.0.1', 11211);
}
$bei = $kache->get('bei:kibuye:omena');
if ($kache->getResultCode() !== Memcached::RES_SUCCESS) {
    $bei = somaBeiKutokaMySQL('omena');
    $kache->set('bei:kibuye:omena', $bei, 300);
}

Neno kibuye lililo kwenye mstari wa kwanza ni jina la muunganisho wa kudumu. Ukilitaja, PHP haikati muunganisho baada ya kila ukurasa, bali huutunza na kuutumia tena kwa mgeni anayefuata, na hilo lina faida kubwa siku ya Jumapili. Lakini kwa kuwa muunganisho unadumu, orodha ya seva nayo inadumu, na usipoikagua kabla ya kuongeza, utakuwa ukiiandika anwani ile ile mara kumi, mara mia, hadi orodha ijae nakala zisizo na kazi. Mstari wa pili upo kwa sababu hiyo, na nakusihi usiuondoe.

Tazama pia kwamba sikuuliza kama $bei ni false. Niliuliza namba ya matokeo. Thamani yenyewe uliyoihifadhi yaweza kuwa false, kwa mfano pale unapoweka kumbukumbu kwamba leo hakuna mbuta sokoni, na ukiuliza kwa thamani peke yake hutaweza kutofautisha kati ya kitu kisichokuwemo, kitu kilichomo ambacho ni false, na seva iliyozimika. Namba ya matokeo hutofautisha yote matatu: 0 ni mafanikio, 16 ni kwamba ufunguo, yaani jina la kitu kilichohifadhiwa, haukupatikana, na namba nyingine huashiria hitilafu, mara nyingi ya muunganisho. Kwa tovuti yako ningependa hizo namba nyingine uziandike kwenye faili la kumbukumbu za makosa, pamoja na maneno yanayotolewa na amri ya getResultMessage. Mimi ningekuwa nimefanya hivyo usiku ule, ningelala.

Sasa niseme neno juu ya jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote haya. Mama anayeuza omena pale Kibuye huweka karai mbele yake na gunia nyuma yake. Mteja akiomba gorogoro moja, mama huchota karaini, kwa kuwa liko karibu na mkono. Karai likiisha, hugeuka akachota guniani na kulijaza. Siku ambayo karai limeibwa au limepasuka, mama huyo hafungi biashara. Huuza kutoka guniani, polepole kidogo, lakini wateja hawarudi nyumbani mikono mitupu. MySQL ndilo gunia lako, na Memcached ni karai. Kila kilichomo ndani ya Memcached hupotea mashine inapozimwa, na hata isipozimwa, kumbukumbu ikijaa hutoa vitu vilivyokaa muda mrefu bila kuguswa ili vipya vipate nafasi. Usipoipangia vingine hupewa megabaiti 64 tu za kumbukumbu, na kitu kimoja hakiruhusiwi kuzidi megabaiti 1. Kwa hiyo kamwe usihifadhi humo kitu ambacho hakipo mahali pengine, na kamwe usiandike msimbo ambao unasimama kwa sababu karai halipo. Weka pia kikomo cha muda wa kusubiri muunganisho kwa chaguo la OPT_CONNECT_TIMEOUT, ambalo hupimwa kwa milisekunde, ili seva ya kache ikiwa mgonjwa isiifanye tovuti nzima iugue pamoja nayo. Na kwa kuwa muunganisho wako ni wa kudumu, mpangilio huo uuweke ndani ya mabano yale yale ya if yanayoizunguka addServer.

Mengineyo ni madogo. Jina la ufunguo lisizidi baiti 250 wala lisiwe na nafasi katikati, kwa hiyo mtu asiandike majina ya bidhaa kama yalivyo, bali ayaunganishe kwa nuktapacha au kistari. Ile 300 mwishoni ni sekunde, yaani dakika tano, nami nadhani zinatosha kwa bei za soko zisizobadilika kila dakika. Angalizo moja tu: ukitaka muda unaozidi siku 30, ambazo ni sekunde 2,592,000, Memcached haiichukui tena namba hiyo kama idadi ya sekunde bali kama tarehe kamili inayohesabiwa tangu mwaka 1970, hivyo kitu ulichotaka kikae siku 40 kitaonekana kuwa kimekwisha muda wake zamani sana, na hakitapatikana hata dakika moja baada ya kukihifadhi.

Kisha rudi kwenye telnet uandike stats. Utaona mistari mingi, lakini itazame mitatu: get_hits huhesabu mara ambazo kitu kilipatikana, get_misses mara ambazo hakikupatikana, na evictions idadi ya vitu vilivyotolewa kabla ya muda wao kwa kukosa nafasi. Hesabu ya kwanza ikipanda upesi kuliko ya pili, karai linafanya kazi. Ya tatu ikipanda kila saa, ongeza kumbukumbu.

Nina shaka moja ambayo si vyema nikufiche. Sekunde nane ni nyingi mno kwa ukurasa wa bei za soko, hata bila kache yoyote. Kabla ya Jumapili ijayo, chukua lile swali unaloiuliza MySQL, uliweke neno EXPLAIN mbele yake, uone kama hifadhidata inasoma jedwali zima ili kupata mistari ishirini. Ikiwa ni hivyo, faharasa (index) moja kwenye safu ya jina la soko na tarehe yaweza kukuletea kasi kubwa zaidi, na kache ikaja kuongezea juu ya msingi ulio imara. Brad Fitzpatrick aliitunga Memcached mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, tovuti iliyokuwa na wageni wengi kuliko hifadhidata zake zilivyoweza kuwahudumia. Wewe huenda bado hujafika huko.

SWALI: Nilihamisha tovuti ya duka letu kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti hadi nyingine. Msimbo ni ule ule, lakini sasa bei tulizobadilisha wiki iliyopita bado zinaonekana za zamani, kana kwamba kache haiishi muda. Kule mwanzoni zilikuwa zikibadilika baada ya dakika kumi. (Msomaji, Section 58, Nakuru)

JIBU: Dada, jirani yangu, angalia herufi moja. PHP ina viendelezi viwili vinavyozungumza na seva hii: kimoja kinaitwa memcache, nacho ni cha zamani, kingine kinaitwa memcached, chenye herufi d mwishoni. Vyote viwili huifikia seva ile ile, na amri zao zinafanana kwa majina, lakini mpangilio wa vigezo vyake, yaani vitu vinavyoandikwa ndani ya mabano ya amri, haufanani. Katika memcached, kigezo cha tatu cha amri ya set ni muda wa kuisha. Katika memcache ya zamani, cha tatu ni alama ya kubana data, na muda wa kuisha ni cha nne. Sasa mtu akiwa amezoea kuandika ufunguo, thamani na 600, halafu jina la aina likabadilishwa kuwa la zamani kwa sababu mashine mpya ina kiendelezi hicho tu, ile 600 haisomwi tena kama muda. Muda unabaki 0, na 0 kwa Memcached ina maana kwamba kitu kisiishe.

Umeandika kwamba msimbo ni ule ule, lakini nadhani aliyekuhamishia tovuti alibadilisha jina hilo mahali pamoja ili ukurasa ufunguke, kwa nia njema, bila kuvigusa vigezo. Tafuta katika faili zako neno new Memcache lisilo na d. Ukilipata, waombe wenye mashine wakuwekee kiendelezi kipya, kisha urudishe msimbo ulivyokuwa. Wakikataa, ongeza 0 mahali pa tatu na usogeze 600 hadi mahali pa nne. Baada ya hapo ifute kache yote mara moja kwa amri ya flush, kwa kuwa bei za zamani zilizokwisha kuingia bila muda hazitaondoka zenyewe. Lakini ikiwa seva hiyo ya kache unaitumia pamoja na wateja wengine wa kampuni hiyo, usiifute yote. Badilisha majina ya funguo zako, kwa mfano kwa kuziongezea v2 mbele, nazo za zamani zitasahauliwa na kutolewa kadiri nafasi inavyohitajika.

Na iwapo unachangia seva hiyo na watu usiowajua, zingatia jibu linalofuata.

SWALI: Mimi ni mwalimu, na nimetengeneza tovuti ya matokeo ya mitihani ya shule yetu. PHP iko kwenye mashine moja ya kukodi, na Memcached nimeiweka kwenye nyingine ili kugawana mzigo. Hazikuweza kuonana hadi nilipobadilisha 127.0.0.1 kwenye faili la mipangilio nikaandika 0.0.0.0. Sasa inafanya kazi vizuri sana. Je, kuna ubaya wowote? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, ubaya upo, na ni mkubwa kiasi kwamba nakuomba uifunge leo, kabla hujaendelea na kazi nyingine. Anwani ya 0.0.0.0 inaiambia Memcached isikilize kwenye kila njia inayoingia katika mashine hiyo, ikiwamo ile inayotoka kwenye intaneti. Memcached, isipopangiwa vingine, haiulizi jina wala nenosiri. Mtu yeyote ulimwenguni anayeijua anwani ya mashine yako anaweza kuingia kwa telnet kama nilivyomwelekeza ndugu yetu wa Kondele, akasoma matokeo ya wanafunzi, akaandika mengine mahali pake, au akafuta yote kwa maneno mawili yaliyounganishwa, flush_all.

Hatari haiishii kwako. Tarehe 28 Februari 2018 tovuti ya GitHub ilishambuliwa kwa mafuriko ya data yaliyofikia terabiti 1.35 kwa sekunde, na data hiyo ilitoka kwenye seva za Memcached za watu wasio na hatia, zilizokuwa zimeachwa wazi kama yako. Washambuliaji walituma maswali madogo kwa seva hizo kwa UDP, itifaki ya mtandao isiyothibitisha anwani ya mtumaji, wakighushi anwani ya mtumaji ionekane kuwa ya GitHub, nazo seva zikatuma majibu makubwa mno kwa yule ambaye hakuuliza kitu. Tangu toleo la 1.5.6 la mwaka huo huo, UDP huja ikiwa imezimwa, lakini mlango wa TCP, itifaki ile ambayo telnet hutumia, bado u wazi kwa yeyote ukiuacha wazi.

Fanya hivi. Ikiwa kampuni inayokukodisha mashine hizo inatoa mtandao wa ndani kati yake, mwambie Memcached isikilize kwenye anwani ya mtandao huo tu, kwa kuiandika baada ya -l katika faili la mipangilio. Kisha, kwenye kinga ya mtandao ya mashine hiyo, ruhusu mlango wa 11211 kwa anwani ya mashine ya PHP peke yake, na uwakatalie wengine wote. Ukimaliza, jaribu kuingia kwa telnet kutoka kwenye kompyuta yako ya nyumbani. Ukikataliwa, ndipo kazi imekamilika. Ikiwa mtandao wa ndani haupo, ningeirudisha Memcached kwenye mashine ile ile ya PHP. Matokeo ya shule moja hayana uzito wa kuhitaji mashine mbili, na data inayosafiri kwenda Memcached kwa njia ya kawaida haijafichwa, hivyo si vyema ipite kwenye intaneti ya wazi.

Nakukumbusha pia kwamba majina ya watoto pamoja na alama zao ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na shule ndiyo inayowajibika kwayo. Ningependelea uhifadhi kwenye kache vitu vya jumla, kama wastani wa darasa na orodha ya masomo, kisha matokeo ya mwanafunzi mmoja mmoja uyasome kutoka hifadhidata kila mara mzazi anapoyaomba. Mzazi mmoja huyatazama mara moja au mbili, na kache haimpi faida yoyote ya maana.

SWALI: Duka langu la mtandaoni hupokea malipo kwa M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Kila mteja akibonyeza kulipa, msimbo wangu wa PHP huomba tokeni mpya, yaani kibali cha muda mfupi, kabla ya kutuma ombi la malipo, na hilo huongeza muda wa kusubiri. Nimesikia kwamba tokeni yaweza kuwekwa kwenye kache. Nikifanya hivyo, je, wateja wawili hawatagongana? (Msomaji, Bungoma)

JIBU: Yaweza, na ni mojawapo ya matumizi ya kache ninayoyapenda zaidi, kwa kuwa tokeni ile ni kitu kidogo, chenye muda unaojulikana, na kinachotumika tena na tena. Daraja inapokupa tokeni hukutajia pia muda wake, ambao ni sekunde 3599. Usiihifadhi kwa muda huo wote. Ihifadhi kwa sekunde 3500 hivi, ili isije ikaisha mikononi mwa mteja katikati ya safari, na ukijibiwa kwamba tokeni si halali, ifute kwenye kache uombe nyingine mara moja tu, usirudie bila kikomo.

Kuhusu kugongana: wateja wawili kusoma tokeni moja kwa wakati mmoja hakuna madhara. Shida huja katika sekunde ile tokeni inapoisha, ambapo wateja kumi wanaweza kukuta kache tupu kwa pamoja, na wote kumi wakaenda kuomba tokeni mpya. Memcached ina amri inayofaa kwa hali hiyo, nayo ni add. Tofauti na set, amri ya add hufaulu tu ikiwa ufunguo haupo, na kati ya watu kumi wanaoituma kwa wakati mmoja atafaulu mmoja. Kwa hiyo anayekuta tokeni haipo ajaribu kwanza kuongeza ufunguo wa pembeni, tuuite kufuli:tokeni, wenye muda wa sekunde 10. Aliyefaulu ndiye aendaye Daraja, ahifadhi tokeni, kisha afute kufuli. Walioshindwa wasubiri milisekunde mia mbili, wasome tena. Ule muda wa sekunde 10 ni wa lazima, kwa sababu aliyeshika kufuli akikatika njiani bila kulifungua, litajifungua lenyewe na mwingine apate nafasi.

Na kumbuka mama wa Kibuye. Memcached ikiwa imezimika, add nayo itashindwa kwa kila mtu, na ukiandika msimbo unaosubiri bila mwisho, hakuna mteja hata mmoja atakayelipa siku hiyo. Baada ya kusubiri mara tatu au nne, mwache mteja aende Daraja mwenyewe kuchukua tokeni yake, kama unavyofanya sasa.